Diski ikikufa: programu gani ya bure itakutunzia kazi yako?

Ordinatere ya montaji ya redio yetu ilikataa kuwaka Jumatatu moja asubuhi, dakika 40 mbele ya jurnali. Teknisie aliweka sikio karibu na sanduku, akasikia mlio mdogo: tak, tak, tak. Akatikisa kichwa. Diski ilikuwa inagonga bila kusoma kitu. Jurnali ile tuliisoma kwenye karatasi na hakuna msikilizaji aliyejua. Lakini ndani ya diski ile mlikuwa emisyo za miaka miwili, na kati yao mazungumzo na wazee sita waliotueleza namna mitaa yetu ilivyopata majina yake. Wawili kati yao wamekwisha kufa. Sauti zao hatuko nazo tena.

Hasara ya namna hii haiko ya redio peke yake. Mwanafunzi anapoteza TFC yake wiki moja mbele ya kuitetea. Sekretere wa shule anapoteza pointi za mwaka muzima wakati wazazi wanangoja matokeo. Mama mwenye sekretaria pembeni ya barabara anapoteza modeli zote za barua na mikataba, zile zilizomlisha. Fundi wa picha anapoteza picha za harusi ya watu waliokwisha kulipa, na hapo sasa maneno yanaanza.

Tangu siku ile wasikilizaji wanatuuliza: kuna programu ya bure ya kutunza nakala ya diski yote? Iko. Tena ziko nyingi, na wingi wenyewe ndio unasumbua. Hapa chini tunaeleza zile tunazozifahamu, kazi ya kila moja, na namna ya kuchagua kufuatana na ordinatere yako, umeme wako na mega zako.

Kwanza tusikilizane juu ya neno

Nakala ya akiba, ile watu wa ofisi wanaita sovegadi, maana yake ni kitu kile kile kuwa fasi mbili ao zaidi. Watu wengi wanasema: "Mimi niko na nakala, nilihamishia vyote kwenye flashi." Ukihamisha, ukafuta kule kwa kwanza, bado uko na kitu kimoja tu. Kimebadilisha nyumba.

Kosa lingine ndilo linaenea sana mitaani kwetu: "Kazi zangu ziko kwenye D." Mafundi wengi wakiweka Windows wanakata diski vipande viwili, C na D, na wanamwambia mwenye ordinatere aweke kazi zake kwenye D. Ni shauri nzuri, maana siku Windows ikiharibika fundi anafuta C peke yake na D inabaki. Lakini C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikianguka, vyote viwili vinaanguka. Diski ikikufa, mwizi akichukua ordinatere, mtoto akimwangia chai, D inakwenda pamoja na C.

Kuna namna mbili kubwa za kutunza nakala, na programu zinatofautiana hapo. Ya kwanza ni kuchukua picha ya diski yote, pamoja na Windows, programu zote, mipango yote na kazi zako. Diski ikikufa, unanunua ingine, unarudisha picha, na ordinatere inaamka sawa vile ilikuwa siku ile, hata rangi ya skrini. Ya pili ni kutunza faili zako peke yake: maandishi, picha, sauti, hesabu. Hapo diski ikikufa, utaweka kwanza Windows upya na programu zote, kisha unarudisha faili.

Ipi ni bora? Jiulize kitu gani huwezi kukipata tena. Windows utaipata kwa fundi yeyote. Sauti ya mzee aliyekufa hutaipata kwa fundi. Kwa hiyo faili ni lazima kila wiki ao hata kila siku, na picha ya diski yote inafaa mara chache, kwa mfano baada ya kuweka programu zote unazohitaji na kila kitu kinatembea vizuri. Mutu mwenye ordinatere ya kazi afanye zote mbili. Mwenye mega chache na diski ndogo aanze na faili.

Bure ya namna gani?

Neno "bure" linaficha mambo matatu.

Kuna programu huru. Hizo yeyote anaweza kuzitumia, kuona namna zilivyotengenezwa, kuzibadilisha na kumpa mwenzake nakala bila kuvunja sheria. Clonezilla ni ya aina hii. Faida yake kwetu ni kubwa: mutu mmoja akiipakua kwa mega zake, mtaa muzima unaweza kunakili kwake kwa flashi, na ni halali.

Kuna programu za kampuni zinazotolewa bila malipo. Zinatembea vizuri, lakini mwenye mali anaweza kugeuza mawazo. Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure ambalo watu walilipenda miaka mingi dunia nzima. Kampuni ikaamua kulifunga, na tangu tarehe 1 Januari 2024 toleo lile halipati tena matengenezo ya usalama. Haiko kosa, ni haki yao. Lakini ukikuta makala ya zamani inakushauri Macrium ya bure, ujue imepitwa. AOMEI Backupper na EaseUS Todo Backup nazo ziko na matoleo ya bure, na kila moja inaweka kazi fulani upande wa kulipia. Mbele ya kuiamini programu ya aina hii uliza swali moja: kurudisha nakala ni bure? Kuweka bila malipo haina maana kama kutoa ni kwa malipo. Soma pia masharti kama unaitumia katika biashara, maana mara nyingi "bure" yao ni ya nyumbani tu.

Na kuna ya tatu, ile ya krak. Unakuta kijana anauza kwenye flashi programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, dola moja. Huyu aliyevunja kufuli ya programu, kwa nini alifanya kazi ile yote? Mara nyingi ndani kuna mgeni aliyejificha. Programu ya kutunza nakala inaingia kila fasi ya ordinatere yako na inasoma kila faili. Kumpa mgeni kazi hiyo, mimi siwezi. Zaidi sana wakati programu huru ziko.

Clonezilla na ndugu yake

Clonezilla inatoka Taiwan, kwenye kituo cha taifa cha ordinatere zenye nguvu, kinachojulikana kwa herufi NCHC. Haiwekwi ndani ya Windows. Unaipakua, ni kwenye nusu giga hivi, unaiandika kwenye flashi kwa kutumia programu ndogo ya bure inayoitwa Rufus, kisha unawasha ordinatere kupitia flashi ile. Angalia: Rufus inafuta kila kitu kilicho kwenye flashi, kwa hiyo tumia flashi tupu. Kuingia kupitia flashi unabonyeza kifungo wakati ordinatere inawaka. Kwa mashine nyingi za Dell na Lenovo ni F12, kwa HP ni Esc ao F9.

Kwa sababu Windows imelala wakati huo, hakuna faili iliyofungwa na programu ingine, na Clonezilla inachukua diski yote kwa utulivu. Inachukua sehemu zenye kitu peke yake: diski ya giga 500 yenye kazi za giga 80 haitakupa picha ya giga 500. Inakandamiza pia, kwa hiyo mara nyingi picha ni ndogo kuliko giga 80 zile. Inatembea kwa Windows na kwa Linux, na inaongea Kifaransa.

Sasa ubaya wake. Skrini yake ni ya maandishi tu, bila panya, na inauliza maswali mengi. Swali baya ni moja: diski gani ni ya kutoka na diski gani ni ya kuandikiwa. Inataja diski kwa majina kama sda na sdb, pamoja na ukubwa na modeli. Ukigeuza, unaweza kufuta diski nzima ya kazi zako kwa mkono wako mwenyewe. Sisi tunaandika ukubwa na modeli ya kila diski kwenye karatasi mbele ya kuanza, na watu wawili wanasoma skrini pamoja. Ingine: diski utakayorudishia, kwa kawaida, isiwe ndogo kuliko ile ya kwanza. Na huwezi kwa urahisi kufungua picha na kuchomoa faili moja tu. Ni yote ao hapana.

Kwa mutu ambaye maandishi meusi na meupe yanamtia hofu, kuna Rescuezilla. Nayo ni huru, nayo inawaka kupitia flashi, lakini iko na madirisha na vifungo vya kubonyeza: tunza, rudisha, nakili. Ni nzito zaidi kupakua, inapita giga moja. Uzuri wake ni kwamba inasoma picha zilizotengenezwa na Clonezilla, na Clonezilla inasoma za kwake. Kwa mutu anayeanza, mimi ningesema Rescuezilla.

Tahadhari moja kwa ordinatere mpya. Nyingi zenye Windows 10 na 11 zinakuja na diski iliyofungwa kwa BitLocker, na mwenye mashine hajui. Clonezilla ikikuta diski ya namna hiyo haitambui fasi tupu na fasi yenye kitu, inachukua kila kipande, na picha inakuwa kubwa sana. Angalia kwanza kwenye mipango ya Windows, na ule ufunguo mrefu wa tarakimu 48 uuandike fasi nzuri. Bila ufunguo ule, hata fundi mukubwa hatakusaidia.

Kuna pia Veeam Agent ya Windows, toleo la bure. Hii inachukua picha ya diski huku unaendelea kufanya kazi, inaweza kupangiwa saa, na inakuruhusu kurudisha faili moja ao diski nzima. Ni ya kampuni, haiko huru kama Clonezilla, lakini kwa ofisi ndogo yenye mashine nzuri na umeme wa hakika inafaa sana.

Kile Windows inacho tayari

Mbele ya kutumia mega zako, fungua kile ulichokwisha kuwa nacho. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinachoitwa kwa Kifaransa "Historique des fichiers", historia ya faili. Unachomeka diski ya inje, unaiwasha, na kwa kawaida kila saa inatunza faili zilizobadilika. Uzuri wake ni kwamba inatunza pia hali za zamani. Ukiharibu sura ya pili ya TFC yako siku ya Alhamisi, unaweza kurudisha ile ya Jumatano.

Inatunza dosie za kawaida tu: Documents, Images, Bureau na zingine kama hizo. Kama kazi zako ziko kwenye dosie uliyoifungua wewe mwenyewe pale kwenye D, haitaigusa mpaka uiongeze. Watu wengi wanaipata habari hii siku mbaya.

Windows iko pia na chombo cha zamani cha kuchukua picha ya mfumo, lakini Microsoft ilitangaza mwaka 2017 kwamba haitakiendeleza. Kinafungua bado kwenye mashine nyingi. Sisi hatukitegemei. Na kwa wale wangali na Windows 10, msaada wa kawaida wa Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine hizo zinahitaji nakala zaidi kuliko zingine.

Faili peke yake: FreeFileSync na wengine

Kwa kazi ya kila siku hapa redioni tunatumia FreeFileSync. Ni ndogo, inashuka kwa mega chache, na inaongea Kifaransa. Upande wa kushoto unaweka dosie yako, upande wa kuume unaweka diski ya inje. Unabonyeza kulinganisha, inakuonyesha faili gani ni mpya na gani imebadilika, unabonyeza kusawazisha, basi. Mara ya kwanza inachukua muda, mara zinazofuata inapeleka mabadiliko tu. Kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Mwenye biashara asome masharti yake.

Hapa inabidi kukaa kidogo, maana tumeona watu wakilia. FreeFileSync inauliza namna ya kusawazisha. Ile inayoitwa "Miroir", kioo, inafanya upande wa kuume ufanane kabisa na wa kushoto. Ukifuta faili kushoto kwa bahati mbaya, kisha ukabonyeza kioo, inafutwa na kuume. Kioo kinaonyesha sura uliyo nayo leo, hata kama leo umekatwa pua. Ile inayoitwa "Mise à jour" inapeleka mapya na haifuti. Mutu anayeanza achague hiyo ya pili. Ao achague kioo lakini awashe kutunza matoleo, ili faili zinazofutwa ziende kwenye dosie ingine kwanza, kama kapu la takataka unalolichungulia mbele ya kulimwaga.

Duplicati ni kwa mutu anayetaka kutuma nakala kwenye intaneti. Inafunga kila kitu kwa neno la siri, inapeleka vipande vilivyobadilika tu, na inajua kuzungumza na hifadhi nyingi za mtandaoni. Lakini fanya hesabu mbele. Giga 100, kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, ni zaidi ya siku nne na nusu, usiku na mchana, bila kukatika. Nani kwetu ako na hiyo? Google inakupa giga 15 bila malipo, Microsoft giga 5. Tumia hizo kwa vitu vidogo vya thamani: TFC, mikataba, hesabu, listi za wanafunzi. TFC ni maandishi, mara nyingi haifiki hata mega 10. Hata kujitumia kwa barua pepe yako kila Jumapili ni nakala, tena ni nzuri.

Kwa sauti, hesabu ingine: saa moja ya WAV ya kawaida ni zaidi ya mega 600. Saa ile ile kwa MP3 ya kilobiti 128 ni kama mega 58. Sisi tunatunza WAV kwa mahojiano ya thamani na MP3 kwa emisyo zilizokwisha kupita.

Wenye Linux wako na bahati. Kwa Ubuntu kuna chombo cha kutunza nakala, Déjà Dup, cha kubonyeza tu. Timeshift inatunza mfumo, haikuundwa kwa kutunza kazi zako, usichanganye. Wenye Mac wako na Time Machine tangu 2007.

Diski ya kuwekea, na uongo wa sokoni

Programu ni ya bure, diski haiko ya bure. Na hapa ndipo pesa inapotea.

Sokoni utaona flashi imeandikwa 2TB, bei yake ya kucheka. Hiyo ni uongo wa ndani kabisa: ndani yake kuna giga 16 ao 32, na wameidanganya ordinatere iamini ni 2TB. Unanakili, inakubali, majina ya faili yanaonekana, kila kitu sawa. Kisha unafungua na hakuna kitu ndani, maana ilikuwa inaandika juu ya ile ya kwanza. Nakala ya namna hii ni mbaya kuliko kukosa nakala, kwa sababu inakulaza usingizi. Kuna programu ndogo ya bure, H2testw, iliyotengenezwa na gazeti la Ujerumani linaloitwa c't. Inajaza flashi yote, kisha inaisoma tena na kukuambia ukweli. Kwenye Linux iko F3. Muombe muuzaji akubali kurudishiwa kama haikupita. Akikataa, umekwisha kupata jibu.

Jambo ingine: flashi nyingi na diski zingine ziko kwenye mpango wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayopita giga 4. Video ndefu itakataa. Clonezilla inajua hilo na inakata picha yake vipande, lakini wewe ukinakili kwa mkono utakwama. Badilisha diski iwe exFAT ao NTFS ingali tupu, maana kubadilisha kunafuta.

Umeme

Kunakili giga 500 kwa tundu la zamani la USB 2 kunaweza kuchukua karibu saa 5. Kwa USB 3, lile tundu ambalo mara nyingi ni la bluu ndani, inashuka kwenye saa moja na nusu. Tofauti hii ni kubwa kwetu, maana umeme ukikatika katikati ya Clonezilla picha ile haifai, unaanza upya. Na ukikatika katikati ya kurudisha, diski inabaki nusu-nusu.

Kwa hiyo kazi ya picha ya diski yote ifanye kwenye laptopu yenye betri nzima, ao kwenye ondulere nzuri, ao saa zile mtaa wenu unajua umeme hautaondoka. Kama unatumia grupe, hesabu mafuta mbele. FreeFileSync inavumilia zaidi: umeme ukirudi, unabonyeza tena na inaendelea na zilizobaki.

Na ukimaliza, chomoa diski. Diski ya nakala inayokaa imechomekwa siku zote inapigwa na kila kitu kinachopiga ordinatere: umeme unaorudi kwa nguvu, mwizi, virusi. Virusi vya WannaCry, vilivyozunguka dunia Mei 2017, vilikuwa vinafunga faili na kudai malipo. Virusi vya namna ile vikikuta diski imechomekwa, vinafunga na nakala.

Fasi ya kuiweka

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo mafundi wanaipenda: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe inje ya nyumba. Kwetu hiyo ya tatu ndiyo ya maana. Watu wa Goma wanajua: lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji Januari 2002, na volkeno ikatoka tena tarehe 22 Mei 2021. Watu wa Uvira wanakumbuka mto Mulongwe ulivyojaa Aprili 2020. Wa Kadutu, hapa Bukavu, hawahitaji kuelezwa namna moto unavyopita nyumba kwa nyumba. Diski ya nakala iliyolala kwenye mtoto wa meza ileile yenye ordinatere inaungua pamoja nayo. Peleka moja kwa dada yako wa mtaa mwingine, ao kwa parokia, ao kwa mwenzako wa kazi. Muwe mnabadilishana.

Lakini diski inayotembea inaweza kuanguka mikononi mwa mutu. Kwa mwanafunzi haiko tatizo kubwa. Kwa sisi tunaokusanya ushuhuda, kwa mwanasheria, kwa muganga mwenye fishi za wagonjwa, ni hatari ya kweli. Mama aliyetueleza yaliyompata, kwa sharti jina lake lisijulikane, sauti yake iko ndani ya faili moja kwenye diski moja. Diski ile ikiokotwa, tumemuuza. Kwa kazi hizo kuna VeraCrypt, huru na ya bure, inayofunga diski ya inje yote kwa neno la siri. Ukisahau neno lile, hakuna mlango wa nyuma. Kwetu neno linajulikana na watu wawili, na halikuandikwa kwenye diski.

Jaribu kurudisha

Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni imani tu. Mara moja kwa miezi mitatu, chukua diski ya nakala, iende kwenye ordinatere ya mwenzako, fungua faili tano: moja ya zamani, moja ya juzi, picha moja, sauti moja, hesabu moja. Zisikilize, usitazame majina peke yake. Kwa picha ya diski yote, Clonezilla na Rescuezilla zina kazi ya kuchunguza kama picha iko nzima. Inaongeza muda. Ikubali.

Na kama umesoma makala hii ukiwa umechelewa, diski imekwisha kuanza kugonga ao kufungua dosie moja kwa dakika kumi? Zima ordinatere. Usiweke Windows upya, usipakue programu juu ya diski ile. Kila dakika inayozunguka inaweza kuikwaruza zaidi. Kama inasoma bado, nakili kwanza kile usichoweza kupata tena, ndipo vingine. Kama faili zimefutwa lakini diski ni nzima, PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier ni ya bure na inachimbua vizuri, ila majina ya faili yanapotea na utakaa siku nzima ukisikiliza kipi ni kipi. Inaandika ilichopata kwenye diski ingine. Usiiambie iandike kwenye ileile.

Diski yetu iliyokufa tungali nayo kwenye kabati ya studio, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki. Mafundi wenye chumba kisicho na vumbi wanaweza kufungua diski za namna ile, lakini wako mbali na bei yao haiko ya redio ya mtaa. Kwa zile mpya, kila Ijumaa saa kumi, mbele ya kufunga studio, mutu wa zamu anachomeka diski nambari 1, anabonyeza FreeFileSync, anaandika tarehe na jina lake kwenye daftari, anachomoa. Jumatatu diski nambari 2 inatoka kule inakolala na nambari 1 inakwenda. Wazee wanne waliobaki tumekwisha kuwaomba tuwatembelee tena. Watatu wamekubali.